Mgeni Chini ya Boneti

Mdogo wangu ameolewa Syokimau, na huu ni mwaka wa saba tangu ahamie huko. Mumewe anafanya kazi ya mizigo katika uwanja wa ndege, na nyumba yao imo katika mtaa wa nyumba ishirini na nne zenye geti moja, bawabu mmoja, na viwanja vitatu vitupu nyuma ya ukuta ambavyo nyasi zake hufika kiunoni mvua za masika zinapokwisha. Kila mwaka, kumi la mwisho la Ramadhani linapoingia, hufunga nyumba wakapanda treni kuteremka Mombasa. Kwetu Mji wa Kale mlango hufunguliwa, watoto huanza kugombea kitanda cha bibi yao, na hakuna anayekumbuka tena gari lililoachwa bara chini ya banda la mabati.

Mwaka uliopita walikaa zaidi ya ada. Idi ilipokwisha, mama alimwomba wafunge sita pamoja, na baada ya sita kukawa na harusi ya binamu yetu, na baada ya harusi shemeji akapata siku nyingine tatu za likizo. Kwa hesabu yangu gari lile lilikaa wiki tatu na nusu bila kuguswa.

Asubuhi ya kwanza waliporudi liliwaka kwa shida, likatetemeka kama mgonjwa wa homa, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka rangi ya machungwa. Fundi wa kwanza aliyeitwa hakulitazama kwa zaidi ya dakika moja. Alisema ni sensa, akaleta nyingine, akalipwa, akaenda zake. Siku nne baadaye taa ile ilirudi. Mdogo wangu akainyamazia, kama wengi wetu tunavyozinyamazia taa hizo, kwa sababu gari lilikuwa likitembea na watoto walikuwa wakifika chuoni kwa wakati.

Jumamosi iliyofuata aliwapakia watoto watatu, wawili wake na mmoja wa jirani, kuwapeleka chuoni. Katika barabara ya Katani alisikia harufu ya petroli. Alidhani ni lori lililokuwa mbele yake, maana barabara ile haikosi malori ya kokoto na mchanga. Mwanawe mdogo ndiye aliyesema, "Mama, mbona gari letu linanuka kama kituo cha mafuta?" Akasimama kando, akazima injini, akawateremsha wote watatu na kuwavusha mtaro. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akipita alisimama, akainama chini ya gari, akaona matone yakidondoka moja moja juu ya vumbi. "Mama, usiliwashe tena hili," alimwambia. "Wapeleke watoto mbali kidogo."

Fundi wa pili alikuwa mzee wa Kikamba mwenye gereji ndogo ya mabati. Alikuja na tochi, akaondoa kifuniko cha plastiki kilicho juu ya injini, na chini yake akakuta nyumba kamili. Ile sufi inayoshonwa ndani ya boneti kuzuia joto na kelele ilikuwa imechanwa na kutandikwa kama godoro. Palikuwa na majani makavu, karatasi laini, soksi moja ya mtoto, na katikati yake makinda sita yasiyo na manyoya, mekundu, yamefumba macho. Katika sanduku la kichujio cha hewa zilijaa tembe za chakula cha mbwa, ambazo bila shaka zilitoka nyumba ya tatu wanakofuga mbwa wa ulinzi, pamoja na mbegu za mabuyu. Hizo hazikutoka kwa jirani. Ni zile ambazo watoto walizitemea chini ya viti tangu safari za nyuma, kumbe mwenyewe alikuwa akiingia mpaka ndani ya gari kuzichukua. Nyaya tatu zilikuwa zimeguguniwa zikabaki shaba tupu. Na mpira wa petroli, kwenye kona unapopita karibu na bomba la moshi, ulikuwa na alama za meno kama mtu aliyekuwa akijaribu kisu.

"Mama, hii si sensa," mzee alisema. "Una mpangaji."

Mdogo wangu alinisimulia haya kwa simu usiku ule, akicheka na kulia pamoja. Nami nikakumbuka somo tulilosomeshwa utotoni na ambalo nilikuwa nimeliweka mbali, katika rafu ya mambo ya kale. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Jabir bin Abdillah, Allah amridhie, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwahimiza watu wazime taa wanapolala, kwa kuwa panya huenda akauburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Nilipokuwa mdogo nilidhani habari hiyo imepitwa na wakati, maana kwetu hapakuwa na utambi ila siku umeme ulipokatika. Sasa nilimwona panya yule yule, na utambi ni ule mpira wa petroli, na watu wa nyumba wamefungwa mikanda kwenye kiti cha nyuma.

Kwa nini Syokimau

Mji huu umechukua jina la nabii mke wa Wakamba wa karne ya kumi na tisa, ambaye masimulizi yanasema alitabiri nyoka mrefu atakayetoka baharini kuelekea bara. Nyoka huyo alifika. Reli ya kwanza ilifika Nairobi mwaka 1899, kituo kipya cha treni za mjini kikafunguliwa Syokimau mwaka 2012, na tangu mwaka 2017 treni ya reli mpya inayotoka Mombasa hukoma hapo hapo. Ndiyo sababu familia nyingi za pwani zimejikuta zikikaa huko: mtu anafanya kazi Nairobi, na kwao pwani hakupo mbali na kituo.

Lakini kabla ya nyumba, eneo lile lilikuwa mbuga ya nyasi, sehemu ya nyanda za Athi, na kwa kiasi kikubwa bado ni mbuga. Udongo wake ni ule mweusi mzito ambao mvua ikinyesha huvimba na kunata, na kiangazi kikiingia hupasuka nyufa ambazo mkono mzima unaweza kuingia. Nyufa hizo ni vyumba vya bure kwa panya wa nyikani. Mtu anaponunua kiwanja na kuleta tingatinga, wapangaji wale hufukuzwa, nao hawana pa kwenda ila ukuta wa jirani. Tena baridi ya mwezi wa sita na wa saba kule si mchezo kwa sisi tuliozaliwa na joto la Mombasa. Injini iliyozimwa saa moja usiku hubaki na uvuguvugu kwa saa kadhaa, na kwa kiumbe mdogo mwenye mimba, hapo ni kwenye jiko.

Kuna jambo jingine. Magari ya Syokimau hulala mchana. Wengi huliacha gari nyumbani au kando ya kituo wakapanda treni kwenda mjini, na wengine huliwasha mara moja tu kwa wiki. Gari linalotembea kila siku halimpi panya nafasi ya kumaliza kitanda chake, bali lililosimama wiki tatu limempa muda wote anaouhitaji, maana mimba ya panya ni kama siku ishirini na mbili tu, na kila uzao huleta watoto watano hadi wanane au zaidi, ambao wenyewe wataanza kuzaa baada ya miezi michache.

Tusiwacheke watu wa bara. Panya mweusi wa nyumbani, yule mwenye mkia mrefu kuliko mwili na anayepanda kamba kama baharia, asili yake ni Bara Hindi, naye alifika kwetu kwa majahazi pamoja na mchele na vitambaa. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameipata mifupa yake Unguja Ukuu, kule Zanzibar, katika tabaka za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Huenda hata Syokimau alipelekwa na reli yetu. Tofauti ni kwamba miji yetu ya kale ina paka. Nenda Lamu alfajiri uone nani mwenye mji.

Meno yasiyokoma

Watu wengi wa Syokimau watakwambia kwamba panya hula nyaya za magari ya siku hizi kwa sababu zimevikwa ngozi iliyotengenezwa kwa soya. Habari hii ilienea Marekani, na mwaka 2016 wenye magari kadhaa walizishitaki kampuni za Toyota na Honda kwa madai hayo. Makampuni yamekana. Mimi sioni haja ya kungoja mahakama, kwa sababu panya walikuwa wakiguguna nyaya za simu na mabomba ya risasi kabla ya soya kuingia katika jambo hili. Meno yake manne ya mbele hayaachi kukua maisha yake yote. Yangeachwa bila kusuguliwa yangerefuka zaidi ya sentimita kumi kwa mwaka, hata mdomo usifunge. Kwa hiyo hutafuna kama sisi tunavyokata kucha, na waya una unene na ulaini unaomfaa. Harufu ya soya ikiwapo ni nyongeza tu.

Gari zetu nyingi ni zile zilizotumika Japani zikashushwa bandarini Kilindini, na kadiri zilivyo za karibuni ndivyo zilivyo na nyaya nyingi: za breki, za mifuko ya hewa, za kila kisensa kidogo. Panya mmoja akikata waya wa senti chache, fundi hulazimika kufungua nusu ya gari kuutafuta. Mdogo wangu alilipa zaidi kwa kutafutwa kosa kuliko kwa kulirekebisha, na hilo ni mbali na sensa ya fundi wa kwanza ambayo haikuwa na hatia. Kama una bima kubwa, muulize wakala wako kwa maandishi, leo, iwapo uharibifu wa panya umo ndani au umetolewa. Usingoje siku ya ajali ndipo uanze kusoma herufi ndogo.

Tahara na afya

Swali la kwanza la mama yetu, aliposikia, halikuwa la petroli. Aliuliza, "Na misala?" Kwa kuwa mdogo wangu, kama wanawake wengi wanaosafiri na watoto, huweka msala na buibui la akiba ndani ya buti.

Lilikuwa swali la haki. Katika madhehebu yetu ya Shafii kinyesi na mkojo wa panya ni najisi, na viti vya gari vilikuwa na vyote viwili. Kikavu kikigusa kikavu hakihamishi kitu, lakini mtoto aliyetoka kutawadha na nguo zake mbichi akikaa hapo, mambo ni mengine. Yapasa kwanza kuiondoa najisi yenyewe, kisha kuosha mahali pake kwa maji mpaka rangi na harufu vitoweke. Misala yote ilifuliwa, na buibui pia.

Hapa ndipo dini na daktari wanapokutana, ila daktari ana sharti moja ambalo akina mama wengi hulivunja kwa nia njema. Usifagie kinyesi cha panya kikavu, wala usitumie mashine ya kuvuta vumbi, kwa kuwa vumbi lake huruka na kuvutwa puani. Fungua milango yote ya gari kwanza, liache lipate hewa nusu saa, watoto wakiwa mbali. Vaa glavu za mpira na barakoa. Changanya dawa ya klorini, sehemu moja kwa tisa za maji, nyunyiza mpaka uchafu ulowe, ngoja dakika tano, ndipo uokote kwa karatasi na kuitia mfukoni na kuifunga. Usichanganye klorini na sabuni ya chooni wala siki, hutoa hewa ya sumu. Kwa viti vya kitambaa, ambavyo klorini itavipausha, tumia maji ya moto na sabuni nyingi. Kichujio cha hewa ya ndani, kile kilicho nyuma ya kijisanduku cha mbele ya abiria, kitoe na ukitupe, si cha kufua.

Ukali huu una sababu. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospira vinavyoingia mwilini kupitia mchubuko au macho na kudhuru figo na ini, na viroboto vyake ndivyo vilivyoeneza tauni zamani. Nairobi ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu, mwaka 1902, tauni ilipoingia katika soko la Wahindi, na dawa pekee aliyoiona mganga wa serikali ni kulichoma moto soko zima. Hatuko huko, alhamdulillahi. Lakini mtoto akipata homa kali na maumivu ya misuli siku chache baada ya kuchezea gari lenye panya, mwambie daktari habari ya panya. Hataijua asipoambiwa.

Sumu iliyokwenda mbali

Nililoandikia makala haya hasa ni hili linalofuata, na nimepata ruhusa ya mdogo wangu na mumewe kulieleza.

Baada ya fundi kutoa kiota, panya walirudi kwa siku mbili. Ndivyo walivyo, huongozwa na harufu ya mkojo wao wenyewe. Shemeji, ambaye ni mtu mpole asiyependa makelele, alikasirika. Akirudi kazini alipita Mlolongo akanunua sumu kwa mchuuzi wa barabarani, vidonge vya buluu katika mfuko wa plastiki usio na maandishi yoyote, akavitia katika kisahani na kukisukuma chini ya gari. Hakumwambia mkewe kwa kuwa hakutaka kumtia hofu.

Siku ya nne panya alikufa, lakini alikufa ndani ya njia za kiyoyozi, mahali ambapo mkono wa fundi haukufika, na kwa muda wa wiki mbili watoto walikwenda chuoni madirisha yakiwa wazi na pua zimezibwa kwa mtandio. Siku ya sita alikufa paka wa jirani.

Jirani huyo ni mzee mstaafu wa reli, si Muislamu, anakaa peke yake tangu mkewe afariki, na paka yule mweupe alikuwa wa marehemu. Watoto wa mtaa wote wanamwita babu. Alimkuta paka kwenye kizingiti chake asubuhi, damu imemtoka puani. Akaandika katika kundi la WhatsApp la wakaazi kwa upole kabisa, akauliza iwapo kuna mtu aliyetega sumu, ili wenye watoto wadogo wajihadhari. Hakulaumu mtu.

Shemeji aliusoma ujumbe ule akiwa kazini. Aliniambia alikaa na simu mkononi mpaka chakula cha mchana kikapoa. Ingewezekana kunyamaza. Mfuko ulikuwa umetupwa, mkewe hajui, na nyumba ishirini na nne zote zina panya. Jioni alikwenda kwa imamu wa msikiti wanaoswali, akamweleza. Imamu hakutoa hotuba. Alimwambia: paka ni mali ya mtu na jirani ana haki, iwe ni Muislamu au si Muislamu, nenda umwambie ni wewe, umtake radhi, na kama anataka fidia mlipe.

Akaenda, na mdogo wangu akaenda naye, kwa kuwa sasa alikuwa amejua. Mzee aliwafungulia, akawasikiliza wakiwa wamesimama, kisha akawakaribisha ndani. Fidia aliikataa. Alisema jambo moja ambalo mdogo wangu hajalisahau: kwamba paka yule, kila usiku, alipenda kulala juu ya boneti ya gari lao kwa ajili ya joto, na kwamba ule mwezi waliokuwa Mombasa yeye alimfungia paka ndani kwa kuwa alikuwa akiugua jicho.

Basi kama mtu angeandika hesabu ya mambo, ndiyo hiyo. Mlinzi aliondolewa, panya akaingia. Na mlinzi aliporudi, akalishwa sumu.

Sheria yetu inaruhusu kumuua panya. Katika hadithi ya Bibi Aisha, Allah amridhie, iliyomo katika Bukhari na Muslim, panya ni miongoni mwa wanyama watano waharibifu wanaouawa hata katika eneo takatifu. Lakini mafunzo yale yale yanatutaka tunapoua tuue vizuri, na yanamtaja mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Na Abu Qatada, Allah amridhie, alimwinamishia paka chombo cha maji yake ya udhu anywe, akamweleza mkwewe aliyeshangaa kwamba Mtume (s.a.w.) amefunza kuwa paka si najisi, ni katika wanaotuzungukia majumbani. Ruhusa ya kuua panya haikuwa ruhusa ya kuacha kifo kikitembea mtaani bila mwenyewe kujua kitamkuta nani.

Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda. Panya hafi palepale. Huzunguka siku kadhaa akidhoofika, na paka, mbwa au bundi akimla huila na sumu. Mtoto akivila vidonge hivyo huenda asionyeshe dalili yoyote siku ya kwanza, na hilo ndilo linalowadanganya wazazi. Mpeleke hospitali saa ile ile pamoja na mfuko au kidonge kilichobaki, kwa kuwa sumu ya aina hii ina dawa yake, vitamini K1, lakini daktari anahitaji kujua anapambana na nini. Vidonge vya mchuuzi visivyo na jina vinamnyima ujuzi huo. Vingine si vya aina hii kabisa, ni sumu za mashambani zinazoua kwa dakika.

Yaliyofaa

Mtego wa kizamani wa springi ndio uliomaliza kazi. Walitega sita, kando ya ukuta wa banda, kwa kuwa panya hupenda kutembea akigusa ukuta, chambo ikiwa ni siagi ya njugu na kipande cha dagaa. Usiku wa kwanza wanne. Mtego huua mara moja, na mzoga unauona. Ile gundi inayomnasa panya akalia mpaka asubuhi, mimi nisingeiweka ndani ya nyumba yangu. Ukitega mtego juu ya injini, andika kikaratasi ukibandike kwenye usukani, la sivyo utauwasha na gari.

Gari lenyewe lilisafishwa kila chembe, na tangu siku hiyo hakuliwi kitu ndani yake. Mabuyu huliwa nyumbani, na mchele hauachwi kwenye buti hata usiku mmoja. Fundi alifunika tundu la kuingizia hewa kwa wavu wa chuma wenye macho ya milimita sita, kwa kuwa panya mdogo hupenya tundu la ukubwa wa kidole. Nyaya alizozibadilisha alizifunga kwa utepe wenye ukali wa pilipili. Honda huuza wa namna hiyo, na fundi alipata mwingine wa bei nafuu. Ukali wake hupungua kwa muda. Usiku boneti huachwa imeinuliwa, maana panya hapendi mwanga wala baridi. Asubuhi kabla ya kuwasha, mtoto mkubwa hulipiga boneti makofi matatu, jambo ambalo humfaa pia paka aliyelala.

Mafuta ya mnanaa na vile vyombo vinavyodaiwa kutoa sauti asizozipenda panya, sikuona faida yake ya kudumu. Vidonge vya nondo katika njia za hewa ni sumu mtakayoivuta nyinyi. Na yule aliyeshauri injini inyunyizwe mafuta ya taa, Allah amsamehe.

Viwanja vitupu vilikuwa shida ya wote. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa afisa wa afya uwezo wa kumwamuru mwenye kiwanja aondoe kero, na barua iliandikwa. Lakini kabla jibu halijaja wakaazi walichanga, wakaajiri vijana wa kufyeka. Walianzia upande wa nyumba wakaelekea nje, si kinyume chake, ili panya wasikimbilie ndani, na mitego iliwekwa siku mbili kabla. Mifuko ya taka sasa hutolewa asubuhi lori linapokuja, si usiku wa kuamkia. Mwenye mbwa alinunua pipa lenye kifuniko. Hayo yalihitaji mikutano mitatu, na katika ule wa pili, mdogo wangu anasema, nusura watu wagombane juu ya nani alipe nini.

Ramadhani iliyopita waliteremka tena kwa treni. Safari hii ufunguo wa gari waliuacha kwa yule mzee, wakamwomba alizungushe kila baada ya siku mbili. Usiku wa ishirini na saba tulikuwa tumetoka tarawehe, tumekaa barazani, ujumbe ukaingia katika simu ya shemeji. Mzee alikuwa amepiga picha boneti ikiwa imeinuliwa, taa ya banda ikiwaka, na kipaka cha rangi ya kijivu, ambacho shemeji alimletea mwezi wa Rajabu, kimelala juu ya betri. Chini yake ameandika kwamba ameliendesha mpaka sokoni Mlolongo mara nne, petroli inakaribia kwisha, na sukuma wiki imepanda bei.